Desemba 12: Siku iliyobeba Uhuru na Jamhuri

WAKAZI wa Karurumo, kituo cha biashara kilichoko upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu, huipokea Desemba 12 wakati mashamba yangali na unyevu wa mvua za vuli na wakulima wangali wakipeleka kahawa yao viwandani. Shule huwa zimefungwa. Afisi za serikali nazo hufungwa kwa siku hiyo. Hotuba ya Rais husikika redioni, na katika makao ya utawala ya maeneo mbalimbali maafisa huisoma mbele ya wananchi waliokusanyika.

Anayeuliza ni nini hasa kinachoadhimishwa siku hiyo hupata majibu mawili. Wazee wengi husema ni siku ya uhuru. Vijana waliosoma kalenda ya serikali husema ni Jamhuri Dei. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini hayana maana moja, na tofauti iliyopo baina yake ndiyo inayoeleza jinsi taifa la Kenya lilivyoundwa.

Desemba 12 ni siku ya 346 katika mwaka wa kawaida. Baada yake husalia siku 19 pekee mwaka kuisha. Ni siku ambayo pia ina kumbukumbu nyingi nje ya Kenya, baadhi zikiwa na uhusiano na Afrika Mashariki ambao wengi hawaufahamu.

Siku mbili katika tarehe moja

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza iliteremshwa jijini Nairobi katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, ambao sasa unajulikana kama Uhuru Gardens. Mwanamfalme Philip, mumewe Malkia Elizabeth II, ndiye aliyeiwakilisha Uingereza. Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa Waziri Mkuu tangu Kenya ipewe madaraka ya ndani mnamo Juni 1, 1963, aliipokea nchi kwa niaba ya wananchi.

Hata hivyo, Kenya iliyozaliwa usiku huo haikuwa na rais. Kwa mujibu wa katiba iliyojadiliwa Lancaster House, London, Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa kiongozi wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Aidha, mamlaka yaligawanywa baina ya serikali kuu na majimbo. Mpango huo wa majimbo ulikuwa umepiganiwa na chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, kwa hofu kwamba makabila makubwa yaliyokuwa ndani ya KANU yangewameza wadogo.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalibadilika. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Jumamosi, Desemba 12, 1964, Kenya ikawa jamhuri. Cheo cha Gavana Mkuu kikafutwa, Kenyatta akawa Rais wa kwanza na Jaramogi Oginga Odinga akawa Makamu wa Rais. Majimbo yalipokonywa nguvu zake na utawala ukarejeshwa Nairobi.

Kwa hivyo, tarehe hiyo moja ilileta mambo mawili tofauti. Mwaka 1963 wananchi waliondokewa na mtawala wa kigeni. Mwaka 1964 waliamua, kupitia wabunge wao, ni nani atakayeshika mamlaka yaliyoachwa. Swali hilo la pili halikumalizwa siku hiyo. Lilizuka tena na tena kwa miaka 46, hadi Katiba ya 2010 iliporudisha sehemu ya mamlaka mashinani kwa kuunda kaunti 47, Embu, Tharaka Nithi na Meru zikiwa miongoni mwake.

Katiba hiyohiyo ndiyo iliyopunguza sikukuu za kitaifa zikawa tatu: Madaraka Dei mnamo Juni 1, Mashujaa Dei mnamo Oktoba 20 na Jamhuri Dei mnamo Desemba 12. Siku ya uhuru haikuwekewa jina lake peke yake. Inaishi ndani ya Jamhuri.

Maneno yenyewe yana historia. Neno uhuru limetokana na neno la Kiarabu hurr, yaani mtu asiye mtumwa, likavishwa kiambishi cha Kibantu u- na kuwa jina la hali. Jamhuri nalo limetokana na jumhur, neno la Kiarabu lenye maana ya umma au watu wengi. Hivyo, katika asili ya maneno, uhuru ni hali ya mtu kutomilikiwa na mwingine, na jamhuri ni mambo ya watu wote kuwa mikononi mwa watu wote.

Jambo jingine lililotokea Desemba 12, 1963, halitajwi sana katika hotuba. Kabla ya siku hiyo jina rasmi la nchi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni lilikuwa bara. Himaya ilikuwa ukanda wa Mwambao wa maili kumi, ambao kisheria ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Baada ya makubaliano yaliyotiwa saini Oktoba 1963, ukanda huo uliunganishwa na bara siku ya uhuru. Zanzibar yenyewe ilikuwa imepata uhuru siku mbili tu kabla ya Kenya, Desemba 10, na nchi hizo mbili zilijiunga na Umoja wa Mataifa siku moja, Desemba 16, 1963.

Miaka 57 ya utawala

Ili kufahamu uzito wa siku hiyo katika nchi ya Embu na Meru, yafaa kurudi nyuma hadi Desemba 12, 1901. Siku hiyo, ambayo pia ilikuwa Alhamisi, Mtaliano Guglielmo Marconi alikuwa katika kilima cha Signal Hill, St. John's, Newfoundland, akiwa ameinua waya wa kunasia mawimbi kwa tiara. Alitangaza kwamba alisikia vidoto vitatu vya herufi S katika alfabeti ya Morse, vilivyotumwa kutoka Poldhu, Cornwall, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, umbali wa kilomita zipatazo 3,400. Wataalamu wengine baadaye walitilia shaka alichokisikia, lakini siku hiyo imebaki kuwa alama katika historia ya redio. Marconi alishirikiana na Mjerumani Ferdinand Braun kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1909.

Wakati Marconi akisikiliza vidoto vyake, Waembu walikuwa bado wanajitawala. Jeshi la Waingereza liliwavamia mwaka 1906 na kituo cha utawala kikaanzishwa Embu mwaka huohuo. Meru ilifuata mwaka 1908 chini ya afisa Edward Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi.

Mtoto aliyezaliwa Embu siku ile ya mwaka 1901 alikuwa hajatimiza miaka mitano jeshi lilipofika. Bendera ya Uingereza ilipoteremshwa, alikuwa ametimiza miaka 62 kamili. Utawala wote wa kikoloni katika sehemu hizo, tangu risasi ya kwanza hadi bendera mpya, ulienea katika maisha ya mtu mmoja. Alilipa kodi, akaona ardhi ikipimwa na sheria za kigeni zikiandikwa, na akaweza kuishi hadi kuona mwisho wake.

Kumbukumbu nyingine ya Desemba 12 inafundisha jambo hilohilo. Mwaka 1911 Mfalme George V, akiwa katika sherehe kubwa mjini Delhi, alitangaza kwamba makao makuu ya utawala wa Uingereza nchini India yangehamishwa kutoka Calcutta hadi Delhi. Mji mpya ulijengwa kana kwamba utawala huo ungedumu karne nyingi. Ulizinduliwa mwaka 1931, na India ikawa huru Agosti 1947, miaka 16 tu baadaye.

Hali ya hatari

Wananchi wa Embu na Meru waliiendea Desemba 12, 1963 kwa njia ngumu kuliko wengi. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, makabila matatu, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru, yaliwekwa pamoja kama watu wa kutiliwa shaka. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja kutoka makabila hayo waliondolewa katika maboma yao na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa na askari. Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, iligeuzwa kuwa mahali pa kambi za wafungwa wa kisiasa, na jasho lao ndilo lililoanzisha mashamba ya mpunga yanayojulikana hadi leo.

Hata haki ya kupiga kura ilipimwa kwa utiifu. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, mpiga kura wa makabila hayo matatu alihitaji cheti cha kuonyesha kwamba alikuwa mtiifu kwa serikali. Bernard Mate kutoka Meru ndiye aliyechaguliwa, akimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo. Mwaka uliofuata viti viliongezwa na Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia. Nyagah alihudumu bungeni hadi mwaka 1992 na kufariki Aprili 2008.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Mipaka nayo ikabadilishwa. Embu na Meru, zilizokuwa sehemu ya Mkoa wa Kati, ziliwekwa katika Jimbo la Mashariki mwaka 1963 pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit, na mji wa Embu ukafanywa makao makuu. Kwa hivyo, mwananchi wa upande wa Runyenjes alipoamka Desemba 12, 1963, alikuwa katika nchi mpya na pia katika jimbo jipya.

Waliotoka msituni

Wapo ambao siku hiyo iliwakuta msituni. Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau kutoka Meru, alikuwa ameishi katika misitu ya Mlima Kenya kwa miaka mingi bila kukamatwa wala kuuawa. Alitoka Desemba 1963, na picha yake akiwa na Kenyatta imekuwa miongoni mwa picha zinazotambulika zaidi za mwezi huo. Aliishi hadi mwaka 1989.

Mwenzake, Baimungi, hakupata mwisho kama huo. Naye alitoka kuja kuona uhuru, lakini hakuridhishwa na waliyoyapata wapiganaji, hasa katika suala la ardhi. Alirudi msituni na kuuawa na vikosi vya usalama mwaka 1965, wakati Kenya ilikuwa tayari ni jamhuri. Upande wa Embu, Jenerali Kubukubu hakuiona siku yenyewe kwa kuwa aliuawa wakati wa vita, na jina lake sasa limehifadhiwa na shule ya upili ya Kubukubu Memorial huko Runyenjes.

Ikumbukwe kwamba chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni Agosti 1950. Bendera ilibadilika mwaka 1963 na katiba ikabadilika mwaka 1964, lakini marufuku hiyo ilibaki katika sheria za Kenya huru. Haikuondolewa hadi mwaka 2003, chini ya serikali ya Rais Mwai Kibaki. Kwa miaka 40, mzee aliyepigana msituni aliweza kukaa katika safu ya mbele siku ya Desemba 12 akisikiliza sifa za uhuru, ilhali kisheria kundi alilopigania lilikuwa haramu.

Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007, miaka 50 tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake kwa mateso yaliyotendwa na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Miaka 50 ya uhuru iliadhimishwa Desemba mwaka huohuo. Wengi waliostahili kulipwa walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Bendera kileleni, wimbo wa mtoni

Usiku ule wa mwaka 1963 sherehe haikuwa Nairobi pekee. Mpanda milima Kisoi Munyao alipewa kazi ya kuipandisha bendera mpya katika Mlima Kenya. Aliisimika katika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, juu ya nchi ya Embu, Meru, Nyeri na Kirinyaga. Munyao alifariki mwaka 2007.

Wimbo wa Taifa ulioimbwa usiku huo nao una asili inayofaa kukumbukwa. Uliandaliwa na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Badala ya kuazima tuni ya bendi ya kijeshi, walichukua wimbo wa kumbembeleza mtoto wa jamii ya Wapokomo, wanaoishi kando ya Mto Tana karibu na pwani. Maji ya mito ya Embu, kama vile Rupingazi, Ena na Thuci, huingia katika Tana huohuo na kupita katika nchi ya Wapokomo kabla ya kufika baharini.

Habari za sherehe zilifika vijijini kwa chombo kilichotokana na majaribio ya Marconi. Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka 1928, mwanzoni kwa manufaa ya walowezi. Baada ya uhuru shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililotumika hadi mwaka 1989.

Uhuru angani

Kumbukumbu ya Desemba 12 ambayo Wakenya wengi hawaijui ilitokea mwaka 1970. Siku hiyo, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Shirika la Anga la Marekani, NASA, iliyopewa jina rasmi la SAS-1. Marjorie Townsend, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa mradi huo, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji na siku yake. Jina hilo ndilo lililoshika.

Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi katika ikweta, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko huo na kuhitaji nguvu kidogo. Aidha, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu ya anga ya kusini mwa Atlantiki yenye mionzi inayovuruga vyombo vya kupimia.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengewa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Miali hiyo huzuiwa na hewa ya dunia, na ndiyo maana haiwezi kuchunguzwa kutoka ardhini. Kabla yake wanasayansi walitegemea roketi ndogo zilizopaa na kuanguka baada ya dakika chache. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 yumkini ni shimo jeusi, yaani masalio ya nyota yenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kuponyoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Hivyo neno la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota kote duniani. Urushaji wa roketi kutoka San Marco ulikoma mwaka 1988, ingawa kituo cha Ngomeni kimeendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti. Kenya yenyewe ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, Aprili 2023. Ilirushwa kutoka California, Marekani.

Rhodesia na Paris

Desemba 12 ina nafasi pia katika historia ya Zimbabwe. Mwaka 1979 Lord Soames aliwasili Salisbury, sasa Harare, akiwa gavana wa Uingereza, na kukomesha miaka 14 ya utawala wa walowezi waliojitangazia uhuru wao wenyewe Novemba 1965. Mazungumzo yaliyozaa hatua hiyo yalifanyika Lancaster House, jumba lilelile walikoketi wajumbe wa Kenya kati ya mwaka 1960 na 1963. Zimbabwe ikawa huru Aprili 18, 1980.

Mwaka 2015, siku hiyohiyo, karibu nchi zote za dunia zilipitisha Mkataba wa Paris wa kukabili mabadiliko ya hali ya anga. Zilikubaliana kuzuia joto la dunia lisipande kufikia nyuzi mbili za Selsiasi juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, na kujitahidi lisizidi nyuzi moja na nusu. Kwa wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya jambo hilo halimo katika karatasi pekee. Barafu ya mlima ambako Munyao alisimika bendera imepungua sana tangu wakati huo, na majira ya mvua ambayo wakulima wa kahawa, chai na mahindi hutegemea yamekuwa magumu kutabirika.

Waliozaliwa na walioaga

Miongoni mwa waliozaliwa Desemba 12 ni mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert, mwaka 1821, ambaye riwaya yake Madame Bovary ilimfikisha mahakamani mwaka 1857 kwa madai ya kuharibu maadili, naye akaachiliwa. Mchoraji wa Norway Edvard Munch, aliyechora The Scream, alizaliwa mwaka 1863, miaka 100 kamili kabla ya uhuru wa Kenya.

Mwanamuziki Frank Sinatra alizaliwa Hoboken, Marekani, mwaka 1915, naye Dionne Warwick mwaka 1940. Robert Noyce, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa mmoja wa wavumbuzi wa saketi ndogo zilizowekwa pamoja katika kipande kimoja cha silikoni, na mwaka 1968 akashiriki kuanzisha kampuni ya Intel. Simu ambayo mkulima hupokelea malipo yake leo isingewezekana bila uvumbuzi huo. Mwigizaji maarufu wa India, Rajinikanth, aliyezaliwa mwaka 1950, aliwahi kuwa kondakta wa basi mjini Bangalore kabla ya kuingia katika filamu, jambo ambalo makanga wa matatu za Embu wanaweza kulifurahia.

Aliyeaga dunia siku hii ni mwandishi Mwingereza John le Carré, mwaka 2020. Riwaya yake The Constant Gardener ya mwaka 2001 imesimuliwa nchini Kenya na inahusu kampuni za dawa zinazowafanyia majaribio maskini. Filamu iliyotokana nayo ilitolewa mwaka 2005.

Wasiojua siku yao

Orodha kama hizi huwapa watu mashuhuri siku zao za kuzaliwa kwa uhakika. Wazee wengi wa Embu na Meru hawana siku kama hiyo. Walizaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa kuenea, na kitambulisho cha wengi wao kina mwaka wa makadirio tu. Umri ulihesabiwa kwa rika la waliotahiriwa pamoja, kwa njaa iliyopita au kwa vita vilivyokumbukwa. Ajabu ni kwamba mzee asiyejua tarehe aliyozaliwa anaweza kuitaja bila kusita tarehe ambayo nchi yake ilizaliwa, na hata kueleza alikokuwa usiku ule.

Nafasi ya kumsikiliza inazidi kuwa finyu. Aliyekuwa na miaka 20 bendera ilipopandishwa alizaliwa mwaka 1943. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10, mwenye kukumbuka shamrashamra bila kuelewa sababu zake, sasa amepita miaka 70. Waliopigana, waliokaa katika vijiji vya kulindwa na waliobeba mawe Mwea wamebaki wachache mno, na mengi waliyoyaona hayakuandikwa na waliokuwa na kalamu wakati huo.

Hotuba za Desemba 12 huhifadhiwa na serikali. Masimulizi ya wazee hayana wa kuyahifadhi ila jamaa zao. Kwa kuwa siku hiyo shule na afisi huwa zimefungwa na wajukuu wamerudi nyumbani, haipo siku nyingine katika mwaka iliyo rahisi kuliko hiyo ya kumketisha nyanya au babu na kumuuliza: usiku ule ulikuwa wapi, na ulitarajia nini kesho yake?